Tumkumbuke Popo, Fundi Makochi, na Bega Alilolificha

Wasikilizaji wapendwa, wewe uliye jikoni, wewe uliye dukani, na wewe uliyefungulia redio ukiwa umelala chini ya gari la watu, habari za mchana. Sogeza kiti. Leo sina haraka.

Leo tunamkumbuka fundi makochi wa barabara ya stendi ya zamani. Wengi tulimwita Popo, naye aliliitikia jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Popo amefariki. Amefariki kwenye kile kisiwa kisicho na watu, juu ya jabali la magharibi, akiwa ameshika kamba.

Narudia, maana mitaani yamesemwa mengi. Hakuteleza. Hakuwa amening'inia. Popo alikuwa juu, ameshika kamba, na kwenye ncha ya chini ya kamba hiyo alikuwepo mtu mwingine.

Mtu huyo ni binti yangu.

Nalisema mapema ili usije ukalisikia kwa jirani ukasema Mama Redio ametuficha. Binti yangu mzima. Yuko nyumbani, viganja vimefungwa bandeji, anakula kwa kijiko. Mume wa shoga yangu yuko kaburini. Sauti yangu ikikwama leo, usigonge redio yako ukadhani betri imekwisha. Ni mimi. Nina aibu, wasikilizaji wapendwa. Nimesoma kumbukumbu nyingi mbele ya kipaza sauti hiki, lakini sijapata kusoma moja nikiwa sijui macho niyaweke wapi.

Na kabla sijaingia humu ndani, pale kwenye korido yenye viti vya plastiki, palitokea mabishano. Mjane wa Popo alikuja na shemeji yake, yaani kaka mkubwa wa marehemu. Kila mmoja alitaka niseme lake.

"Sema jabali lilimeguka," kaka mtu akaniambia. "Si lilimeguka kweli?"

"Lilimeguka," nikasema.

"Basi yaishie hapo. Mdogo wangu amekufa akimwokoa mtu. Hayo ya mkono mbovu yanahusu nini redioni? Watoto wake waje kuchekwa?"

Mjane akamjibu bila kupandisha sauti. "Shemeji, mwenyewe alitaka isemwe."

"Alikuwa anakata roho! Mtu anayekata roho anaongea lolote."

"Mume wangu hakuwa mtu wa kuongea lolote. Neno lake ulikuwa unaling'oa kwa koleo. Likitoka, limetoka."

Kaka akageuka ukutani. Mjane akanitazama mimi. "Shoga," akasema, "kama utasema nusu, bora upige muziki tu."

Kwa hiyo nitasema yote. Mjane nimekaa naye humu chumbani. Kaka mtu amebaki kule nje ya kioo, ametupa mgongo.

Tuanze na utoto wake. Juzi msibani, watu wakiwa bado wanaongea vizuri, kaka yake alinihadithia mwenyewe. Walikuwa watoto wa nyumba ya vyumba viwili, na nyuma ya nyumba kulikuwa na tangi la maji la shule, refu kuliko paa lote la mtaa. Mdogo wake akiisha kula tu, haonekani. Mama yao anatoka na mwiko mkononi, anaita weee, mpaka anainua macho. Mtoto yuko juu ya tangi, amejitundika kwa miguu kwenye nondo, kichwa chini, anaimba.

"Mama alikuwa hawezi kupiga kelele, anaogopa mtoto atashtuka," kaka yake akasema. "Anamwambia kwa upole, kama anabembeleza kuku: shuka, popo wa mama, shuka. Akishashuka sasa! Huo mwiko ulivunjika." Tulicheka, jamani, msibani pale pale. Naye kaka mtu alicheka mpaka akafuta macho.

Popo akakua, akajifunza ushonaji wa makochi. Duka lake mnalijua. Jembamba, refu kama korido, magodoro ya sponji yamepangwa mpaka darini, gundi inanukia hadi barabarani. Yeye amekaa katikati kwenye kigoda, sindano iliyopinda ameibana kwa midomo. Ukimuuliza kochi lako litakuwa tayari lini, anasema kesho. Unamuuliza, kesho ya watu au kesho ya fundi? Anaitoa sindano mdomoni taratibu. "Ya fundi." Lakini likiisha, limeisha. Alikuwa hakabidhi kochi kabla hajajitupa juu yake mzima mzima, puu! Akiinuka anasema, "Limenipokea kama mkwe anayenipenda. Chukua."

Hiyo ndiyo kazi iliyomlisha. Kilichomlaza macho wazi kilikuwa majabali.

Alianza na wenzake wachache, Jumamosi, kwenye machimbo ya kokoto yaliyoachwa. Fundi bati. Mwokaji mikate. Baadaye binti yangu, anayeuza rangi kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Popo aliwashonea wote mikanda ya kiunoni, kwa uzi ule ule wa makochi, mara tatu tatu. Na kila mwaka, bahari ikitulia, walikodi boti ya mashine wakaenda kisiwani.

Mimi kisiwa hicho nimekiona mara moja, kwa mbali, ikanitosha. Hakina ufuo. Hakina kisima. Kimesimama baharini kama jino. Boti haiwezi kufunga kamba popote. Unasubiri wimbi liinue boti, unaruka kwenye mwamba, wimbi likishuka wewe uwe umeshashika jiwe. Ukichelewa ni shauri yako. Ndege wa baharini wamejaa, mavi yao yameyapaka mawe chokaa, na harufu yake inarudi na nguo mpaka kwenye beseni langu.

Nilimuuliza binti yangu mara nyingi, mnatafuta nini huko? Kuna dhahabu? Akasema, "Mama, tunatazama tu." Kila mwaka walifungua njia moja mpya kwenye jabali, wakaipa jina. Ngazi ya Mbuzi. Pua. Mgongo wa Fundi Bati, kwa sababu hapo fundi bati alichanika suruali. Walikuwa wakikijua kisiwa kama unavyozijua kona za chumba chako gizani. Kona moja tu ilibaki. Upande wa magharibi, katikati ya jabali, kuna tundu la pango. Ukiwa kwenye boti unaliona, jeusi, kama mtu anayepiga miayo. Hakuna aliyewahi kuingia.

Popo alilitaka pango lile miaka mingi. Mjane wake anasema alikuwa akilichora kwa chaki ya kukatia vitambaa, kwenye sakafu ya duka. "Nikamwambia, hivi ndani pakiwa patupu? Akasema, basi nitakuwa nimejua kuwa ni patupu."

Sasa nisikilizeni hapa vizuri, maana ndipo mambo yalipo.

Watu wale walikuwa na utaratibu wao. Waliuita kutaja. Kabla mtu hajafungwa kamba, wote wanasimama ukingoni, na mmoja anauliza kila mtu kwa zamu: "Leo una nini?" Unataja. Nina kizunguzungu. Sikulala. Goti linagoma. Naogopa. Chochote. Ukitaja kitu kizito, hushuki siku hiyo, wala hushiki kamba ya mwenzako. Hakuna kubishana.

Utaratibu huo aliuanzisha Popo. Na aliyekuwa akiuliza siku zote ni Popo. Alikuwa mkali kuliko forodha. Mwaka fulani fundi bati alitaja tumbo, akamwambia kaa pembeni. Fundi bati akalia, "Tumbo ni la kuendesha tu, Popo, si la kufa!" Popo akamjibu, "Ndiyo maana sitaki uwe juu yangu." Walicheka mpaka ndege wakaruka.

Kule juu utaratibu ulikuwa mzuri. Ubaya ulikuwa huku chini, kwetu.

Boti ikirudi, sisi tunakaa gatini kuwapokea. Na tulikuwa na mchezo wetu, mnaujua. Tunazigusa kamba zao. Iliyoshuka jabali imelowa, ina chumvi. Ukikuta ya mtu ni kavu, ujue hakushuka. Basi! "Kamba kavu huyo! Kamba kavu!" Wauza samaki wanaimba, wabeba mizigo wanaitikia. Yule mwokaji mikate alitaja kizunguzungu mwaka jana, akakaa pembeni kama utaratibu unavyotaka. Aliporudi mjini, watu walifika dirishani kwake wakaagiza "mikate ya kamba kavu, miwili." Mwaka mzima! Mwaka huu hakwenda tena. Tulimcheka mtu kwa kusema kweli. Nasema tulimcheka, sisemi walimcheka.

Kule juu unaambiwa taja. Huku chini ukitaja unafanywa ngoma. Mwanadamu atafanyaje?

Mwaka huu, wiki chache kabla ya safari, Popo alikuwa anapandisha kochi zito kwenye ngazi za nyumba ya mteja. Kochi liliponyoka, likamvuta mkono wa kulia. Bega likalia. Hakumwambia mtu.

Lakini mke haambiwi, mke anaona. Mjane wake yuko hapa, anasema niwaambie kwa maneno yake. "Alianza kuvaa shati kwa kuuingiza mkono wa kulia kwanza, polepole, kama anamvisha mtoto. Sindano ikahamia kushoto. Mishono ikaenda upogo, akawa anafumua na kushona upya, mlango wa duka ameurudishia. Nikamkanda kwa maji ya moto. Nikamwambia, nenda hospitali. Akasema, nikirudi. Nikamwambia, basi usiende. Akaniangalia kama nimemtukana."

"Nisiende?" Popo alisema. "Waje waiguse kamba yangu gatini? Mimi? Huu uso nitauweka wapi?"

"Basi waambie kamba ashike mwingine."

Kisha akasema neno ambalo mjane anasema linamzunguka kichwani kila akifumba macho. "Mimi ndiye ninayeuliza. Hakuna wa kuniuliza mimi."

Na kweli, hakuwepo.

Walifika kisiwani asubuhi, bahari shwari. Wakapanda mpaka juu ya jabali la magharibi. Mwamba wa pale ni mbovu, unapukutika kama biskuti. Kigingi cha chuma ukikigonga kinachezacheza, na kamba iliyofungwa kwenye jiwe haiteremshi mtu kidogo kidogo. Kwa hiyo kamba ilibidi ishikwe kwa mwili wa mtu. Mshika kamba anakaa chini, miguu kwenye jiwe, kamba imepita mgongoni, mikono miwili ndiyo breki. Ndiyo maana mshika kamba lazima awe mzima.

Wakasimama ukingoni. Popo akauliza.

"Leo una nini?"

Fundi bati akataja kucha iliyoota vibaya. Binti yangu akasema mzima. Popo akasema, "Haya, pangoni ashuke aliye mwepesi, kwa kamba yangu, mimi nitashika. Tufunge."

Binti yangu ameniambia haya akiwa amelala kifudifudi kitandani, hataki nimwone uso. "Mama, nilimwona. Alipokuwa anakunja kamba alikunja kwa mkono mmoja, ule wa kulia kauacha pajani. Nikataka kumuuliza, mjomba, na wewe una nini? Neno lilifika hapa." Akashika koo. "Nikaona aibu. Mtu mzima, aliyenifundisha kila kitu, mimi nianze kumhoji? Ataniona sina adabu. Nikanyamaza, nikashuka."

Wasikilizaji wapendwa, adabu hiyo nilimfundisha mimi. Usimhoji mkubwa. Nilimfundisha akiwa bado hajafika kimo cha meza.

Akashuka. Akalifikia pango. Anasema aliweka mguu mmoja kwenye kizingiti chake, akaona ndani, hatua chache tu, kisha ukuta. Hakukuwa na kitu. Viota vikavu, basi. Akageuka ili apige kelele awaambie walio juu, na kile kizingiti kikamegeka.

Kamba ikavutika yote kwa mpigo. Kule juu, bega la Popo likaachia. Mkono wa kushoto peke yake haukuweza. Kamba ikaanza kukimbia. Binti yangu akaanguka, akaishika kamba kwa viganja vyake mwenyewe, ndiyo hayo majeraha. Fundi bati anasema alikuwa upande wa pili anafungua mizigo. Aliposikia kelele akageuka, akamwona Popo anajizungusha. Alijiviringishia ile kamba mwilini, mzunguko baada ya mzunguko, akajitupa kwenye ufa kati ya mawe mawili, akajikaza humo kifua mbele.

Kamba ikasimama. Binti yangu akabaki ananing'inia juu ya maji. Uzito wote ulikuwa kwenye kifua cha Popo.

Fundi bati alikimbia, akaifunga kamba kwenye jiwe kubwa la nyuma, akaikata ile mizunguko iliyombana Popo. Kisha akamvuta binti yangu mpaka juu. Popo alikuwa bado anapumua, kwa shida.

"Mtoto?" akauliza.

"Yuko juu. Huyu hapa."

"Ni bega," Popo akasema. "Lilikuwa bega. Waambie." Na baada ya pumzi kidogo, "Wote waambie."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Fundi bati ameyasikia. Binti yangu ameyasikia. Alitaja, wasikilizaji wapendwa. Alichelewa, lakini alitaja.

Sasa niseme la gatini, kisha nimalize.

Simu za kisiwani hazishiki. Tulichojua ni kwamba boti inarudi kabla ya siku yake. Tukajua kuna jambo. Tulisimama pale kina mama, kina baba, na mjane wa Popo alikuwa ubavuni pangu, tumeshikana mikono. Boti ikakaribia. Nikaona shati la njano la binti yangu, nikaona limekaa wima, linatikisika. Nikauachia mkono wa mwenzangu. Nikaruka. Nikapiga kelele, gati zima likasikia: "Wangu mzima! Wangu mzima!"

Mwenzangu akaniuliza, taratibu kabisa, "Na wangu?"

Siku hizi nikipita sokoni watu wananiambia, shukuru Mungu. Nashukuru. Lakini nikiwa peke yangu naficha uso kwa kanga, ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Hawakutuambia kwamba kilio kinaweza kuingia nyumba ya huyu, na furaha ikapiga kelele nyumba ya pili, kwa kamba ile ile moja.

Samahani, wasikilizaji. Mlango umefunguliwa. Ni kaka wa marehemu. Anasema... Karibu, kaa hapa. Sogea kwenye kipaza sauti. Hapana, karibu zaidi.

"Mimi si msemaji. Lile kochi. Mmesema liliponyoka. Liliponyoka mikononi mwangu. Upande wa chini nilikuwa nimeshika mimi. Jasho, nikaachia. Yeye wa juu likamvuta. Akasema, kaka, bega. Mimi nikacheka. Nikamwambia, umezeeka, Popo, utakuja kurudi na kamba kavu mwaka huu. Nilitania. Hakusema tena bega. Hata mara moja hakusema tena. Shemeji, nisamehe. Sikutaka isemwe kwa sababu ikisemwa bega, nami nimo. Ndiyo hayo tu."

...

Wasikilizaji wapendwa, mjane amemshika shemeji yake mkono. Na mimi nitawaacha hivyo.

Kwa mjane wa Popo, kwa watoto wake watatu, kwa kaka yake, kwa fundi bati na wapanda majabali wenzake, tunatoa pole. Pole yangu mimi ni nzito kuliko ya wengine, na hainipunguzii kitu. Mungu amlaze mahali pema. Mliokuwa na makochi dukani kwake, mjane anasema mjitokeze, kaka wa marehemu na fundi mwenzake watayamalizia. Msilalamike yakichelewa.

Na kwa mwokaji mikate, popote unaponisikiliza: ulisema kweli, tukakufanya kichekesho. Mji huu unakuomba radhi. Kama mji haukuombi, mimi nakuomba.

Wazazi wenzangu, na vijana mnaotaka kwenda kule juu, sitawaambia msiende. Nilimwambia wangu miaka yote, akaenda. Nawaambia hivi: aliye mkubwa kwenu, anayewaongoza, anayewauliza ninyi kila siku kama mko salama, muulizeni na yeye. Dereva muulizeni. Mwalimu muulizeni. Baba muulizeni. Atakasirika. Atasema huna adabu. Muulize hivyo hivyo.

Kipindi hiki hufungwa kwa muziki, na zimebaki dakika zake. Leo muziki sipigi. Zima redio. Geuka umtazame uliye naye hapo, yule mwenye nguvu kuliko nyote, umuulize leo ana nini. Kisha subiri. Na akikujibu, nakuomba kama mama, usicheke.